Bafta ya Ngoma

Nnaisimulia aibu hii mwenyewe kwa kuwa nshachoka kuisikia ikisimuliwa na wengine. Kila mtu anaongeza lake. Wa Malindi anasema bibi harusi alikata roho akarudi, wa Mlandege anasema maiti ilitoka ndani ya ngoma ikasalimia watu, na wote hao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa mbele kabisa, nimekaa kitako juu ya kigoda na vijiti mkononi. Na majina nitayataja. Mwenye kuona haya ajifiche, mimi haya zangu zilimalizika siku ile ile.

Wakosa ni wawili. Wa kwanza Sefu Kinanda. Wa pili Mbarouk, shemegi yangu, aliyezaliwa tumbo moja na mke wangu Rukia. Wa tatu ni mimi, lakini mimi nshajilaumu vya kutosha, wao bado hawajaanza.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi baiskeli, kibanda changu kiko nyuma ya soko la Darajani, na skuli niliishia darasa la tano (mwalimu alisema nirudi na mzazi, mzazi akasema hana nafasi, basi ikawa khalasi). Na nilikuwa nakaa ukweni. Neno hilo naomba mlielewe kwanza, maana ndio mzizi wa yote. Mwanamme mzima, ana mke na watoto wawili, anakaa chumba cha chini ya ngazi katika nyumba ya mama mkwe wake, akitaka kukohoa anatoka nje, akitaka kugombana na mkewe anagombana kwa macho. Bi Zuwena, mkwe wangu, hakuwahi kunambia neno baya hata siku moja. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje," na kikombe changu cha chai kishafunikwa kisahani. Wema ule ndio uliokuwa ukinimaliza. Mtu akikutukana unapata sababu ya kuhama, mtu akikufunikia chai utamwambia nini?

Sasa jioni na siku za mapumziko nilikuwa napiga dramu. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne, haina jina la maana, mwenyewe ni huyo Sefu kwa sababu kinanda chake (kaka yake alikileta kutoka Dubai) na dramu pia zake, kuukuu, alizichukua kwa bendi moja iliyovunjika. Mimi kupiga sikufundishwa na mtu. Nilianza na madebe utotoni nikapigwa kwa ajili ya madebe, nikaendelea. Mikono ninayo, hata maadui zangu hawakatai.

Wakati huo hoteli za Wataliana zilikuwa zinaota Kiwengwa kama uyoga, na meneja wa mojawapo ya hoteli hizo, Bwana Karlo, mtu mnene mwenye macho ya huruma, alikuwa anatafuta bendi ya kupiga kila Jumamosi, msimu mzima, kwa mkataba. Wenzangu waliona Kiwengwa bahari na wageni. Mimi niliona chumba. Nilikuwa nshakiangalia, Kikwajuni, chumba na ukumbi na choo chake ndani, na mwenye nyumba kanambia, "Nakusubiri mpaka mwezi uishe, Shaabani, baada ya hapo nampa mtu." Nikipata Jumamosi zile, nnahama ukweni. Nisipozipata, nnabaki chini ya ngazi. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu.

Bwana Karlo akatusikiliza mara moja, akatikisa kichwa, akampa Sefu kanda. Ilikuwa kanda ya bendi ya kizungu ya zamani, ya wale vijana wa nywele ndefu ambao sasa ni wazee kuliko mimi. Akamwambia, "Vyote nzuri. Ngoma hapana. Mimi taka ngoma hii."

Sefu akaja nayo kibandani, akaitia kwenye redio yangu, akasema, "Yakhe, sikiliza. Ukiipata sauti hii, twende zetu Kiwengwa. Usipoipata nnamleta mpigaji kutoka Dar, na tusije tukalaumiana."

Nikasikiliza. Nakwambieni, niliacha gurudumu la mtu likizunguka peke yake. Ngoma ile ilikuwa hailii, ilikuwa inatua. Dup. Inatua na inanyamaza hapo hapo, haina mwangwi, haina mkia, lakini unaisikia kifuani kama mtu kaangusha gunia la mchele ghorofa ya juu na wewe uko chini. Sasa dramu zetu zilikuwaje? Ngoma kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu, ukiikanyagia pedeli inasema ngwaaaa, inaendelea kusema ngwaaaa mpaka unapiga tena, na zile ndogo zinavuma kama sufuria zimeanguka jikoni. Kwa harusi ilitosha. Kwa kanda ile ilikuwa kichekesho.

Nikaapa nitaipata. Wiki mbili sikulala usingizi wa kushiba. Nikatia mipira ya baiskeli ndani ya ngoma kubwa, ikalia kama mtu anacheua. Nikatia makumbi ya nazi, yakatoa vumbi, Rukia akapata pumu. Nikatia mto wa sufi, hapo nikakaribia, lakini mto ukapasuka na sufi zikaruka kibandani, mteja mmoja akafuata baiskeli yake akanikuta mweupe kichwa kizima, akaniuliza umri wangu. Kila siku naisikiliza kanda, naipiga ngoma, naisikiliza kanda. Majirani wa kibanda walihama kwa zamu kwenda kunywa kahawa.

Sefu akaenda kumuuliza Bwana Karlo siri ni nini. Akarudi na jawabu: wazungu wale wa zamani walikuwa wanazifunika ngoma zao kwa vitambaa vya jikoni, vile vya kukaushia vyombo, vya pamba nzito, na ile kubwa wanaishindilia kitu laini ndani. Nikajaribu kanga za Rukia. Kanga nyepesi, ukipiga inarukaruka, inateleza, inaingia kijiti. Nikajaribu taulo langu (moja, ndilo nililokuwa nalo), likatosha ngoma moja, nyengine zikabaki zinavuma. Hapo zimebakia siku mbili. Sefu alikuwa keshapanga: tunapiga harusi ya mjukuu wa Mzee Nassor, Sokomuhogo, uani kwao, baada ya sala ya alasiri, na Bwana Karlo atakuja pale kutusikiliza kwa mara ya mwisho.

Ndipo akaingia Mbarouk. Mbarouk ndiye aliyekuwa fundi wetu wa nyaya na spika, na katika maisha yake hajapata kufikiri jambo mara mbili, hata mara moja ni bahati. Akanikuta nimeinamia ngoma, akasema, "Shemegi, wewe unahangaika na vitambaa? Mama ana bafta nzuri ndani ya sanduku, nzito, nyeupe, imekaa miaka. Na pamba tele, robota zima."

Nikamwambia, "Za mama hizo, zina kazi yake."

"Kazi gani? Sijamwona akizitumia hata siku moja."

Wallahi maneno hayo ndiyo aliyosema. Sijamwona akizitumia hata siku moja. Hapo ndipo nilipotakiwa niulize suala moja tu, suala ambalo mtoto wa chuo cha Kurani angeliuliza, na sikuliuliza. Mimi chumbani kwa mkwe sijapata kutia hata unyayo, haifai, mkwe ni mkwe. Lakini mwanawe wa kumzaa anaingia, anatoka, mimi najua nini? Nikasema, "Nenda kaniazimie. Baada ya harusi nazifua, nazipiga pasi, zinarudi sandukuni." Nikadhani keshaelewa kuwa kuazima ni kumuomba mwenyewe.

Akarudi na mfuko. Nikatoa vipande vya bafta, vitano, vikubwa na vidogo, vimekatwa lakini havijapindwa wala kutiwa uzi. Nikajisemea bibi huyu alianza kushona mashuka akachoka. Na pamba, robota limefungwa vizuri kwa kitambaa, ndani yake pana kitu kinachakarika kama mfuko wa plastiki. Vyote vinanukia udi na marashi. Basi, masanduku ya bibi zetu yote yananukia hivyo, hata pasipoti ukiitia humo inatoka na udi. Na chini ya udi palikuwa na harufu nyengine, kali kidogo, ya baridi. Nikasema ni dawa ya mende.

Nikakunja vipande viwili juu ya ngoma ndogo, nikazungushia kamba. Vitatu nikavishindilia ndani ya ngoma kubwa pamoja na robota la pamba kama lilivyo, sikulifungua, nikaliegemeza pale pale nyundo ya pedeli inapopiga. Ngozi ya mbele nikaitoboa tundu la kutosha mkono, maana hata kandani nilihisi ngoma ile inapumua. Nikakanyaga polepole, mara moja.

Dup.

Jamani. Nikakanyaga tena. Dup. Nikazima redio, nikawasha redio, nikalinganisha. Ilikuwa ile ile. Mimi fundi baiskeli wa darasa la tano, nyuma ya soko la Darajani, nimeipata sauti ya wazungu wa nywele ndefu. Nilitoka machozi, sioni haya kusema. Mbarouk akasema, "Si nilikwambia?" Nikamkumbatia. Nnajuta mambo mengi katika maisha yangu, lakini kukumbatia kule nnakujutia peke yake.

Siku ya harusi ua wa Mzee Nassor ulijaa pomoni. Nyumba ya zamani, ghorofa mbili, ua katikati na roshani ya mbao imezunguka juu. Wanawake wamejaa ua mzima, dhahabu na mitandio ya hariri, bibi harusi kakaa juu ya kiti chake kilichopambwa, kainamisha uso, na sisi bendi tumebanwa pembeni karibu na mlango pamoja na Bwana Karlo, ambaye Sefu alimwombea ruhusa kwa mama wa bibi harusi. Safu ya mbele, kwenye viti vya heshima, kakaa Bi Zuwena. Ni shoga wa siku nyingi wa nyumba ile. Macho yake hayakuwa mazuri tena, akaniona kama kivuli, akanipungia mkono.

Na jambo moja lazima mlijue. Mzee Nassor mwenyewe, babu wa bibi harusi, aliyemlea tokea mchanga, alikuwa mgonjwa juu, wiki ya tatu hajashuka. Na sisi watu wa hapa tuna mtindo, mnaujua: ukitokea msiba harusi ishafungwa na wageni washafika, kuna wanaouficha. Maiti inafunikwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanakula pilau, vilio vinangoja kesho. Basi kila aliyeingia mle alikuwa anamwangalia mama wa bibi harusi usoni, anamsoma.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Nilipiga kwa adabu. Bwana Karlo akainua kichwa, akamnong'oneza Sefu, Sefu akanikonyeza. Nikahisi ufunguo wa Kikwajuni mfukoni. Joto lilikuwa kali, jasho linanichuruzika machoni, ndipo Mbarouk kwa wema wake akaleta feni kubwa la kusimama, akaliweka nyuma yangu, akalielekeza mbele. Kwa hivyo feni likawa linapuliza mimi, na ngoma, na kutoka ngomani kwenda kwa watu.

Wimbo wa tatu ndio tuliouweka kwa ajili ya Bwana Karlo. Mwendo wa polepole, mzito, ngoma peke yake kwanza. Nikasema leo ni leo. Nikakanyaga pedeli kwa mguu wote, kwa nguvu za chini ya ngazi za miaka mitano. Dup. Dup. Katika pigo la tatu au la nne nikasikia ndani ya ngoma kitu kimepasuka, pakh, kidogo tu. Nikasema wacha kipasuke. Na harufu ile ya baridi ikanipanda puani mpaka kwenye utosi.

Nikaona wanawake wa safu ya mbele wananusa. Mmoja kaweka ncha ya mtandio puani. Nikadhani ni jasho langu, maana feni lilikuwa mgongoni. Nikaona haya, lakini nikajiambia, wazibe pua wakitaka, masikio hawajayaziba. Nikazidi. Na kila nikikanyaga, lile tundu la mbele linatoa pumzi, na feni linaichukua pumzi, linaigawa ua mzima, kiti kwa kiti, hakuna aliyekosa fungu lake.

Bi mmoja mnene nyuma ya Bi Zuwena akasema, si kwa kunong'ona, "Hii karafuu maiti."

"Eee, karafuu maiti. Na udi wake."

"Basi kuna maiti humu ndani."

Wote kwa pamoja wakatazama juu. Mlango wa Mzee Nassor ulikuwa umefungwa, pazia limeshuka.

"Wamemficha!"

"Wanamwosha juu, na sisi tunacheza chini. Ya Rabbi!"

Mimi haya yote nilikuwa nayaona midomo tu, sauti siisikii kwa ngoma. Nikaona watu wanasimama. Nikadhani wanasimama kucheza! Nikamtazama Bwana Karlo, naye kafumba macho, anatikisa kichwa kwa raha. Basi nikaongeza nguvu, na wimbo ule mwisho wake una ngoma nyingi, nikazimwaga zote. Kilichonisimamisha ni ukelele wa bibi harusi. Alisimama kitini, akavua ushungi wa maua, akaita, "Babu yangu! Babu yangu weee!" na mama yake akamrukia kumshika, "Hajafa, mwanangu, hajafa, nimempa uji sasa hivi!" na nani anamwamini mama wa bibi harusi siku ya harusi? Vilio vikapanda. Upande wa bwana harusi nao wakaja juu, shangazi yao kajifunga kanga kiunoni, "Mumemleta mtoto wetu kuoa juu ya maiti! Mumetufanya nini nyinyi?" Sinia la visheti likamwagika. Mtu kaanza kusoma, mtu anatafuta kiatu, mwengine keshatoka nje kwenda kuwapa habari wanaume barazani, na wanaume barazani (tulikuja kuambiwa baadae) walishamtuma mtu msikitini kuulizia jeneza.

Ndipo ule mlango wa juu ukafunguka.

Mzee Nassor akatokea roshanini na shuka na fulana, kashika kikombe cha uji, akainama kwenye mbao. Ua mzima ukamwinulia uso. Akauliza, "Nani kafa?"

 

"Nnauliza, nani kafa? Na mbona ngoma imenyamaza? Nshaanza kuizoea."

Wako waliocheka, wako waliopiga mayowe zaidi, na yule bi mnene alikimbia kwelikweli na mto wa kiti mkononi. Bibi harusi akapanda ngazi mbio kwenda kumkumbatia babu yake. Mama yake akabaki katikati ya ua, kashika kiuno, macho mekundu, akasema, "Sasa nataka kujua. Karafuu maiti imetoka wapi ndani ya nyumba yangu?"

Katika zahama yote ile mtu mmoja hakuinuka kitini. Bi Zuwena. Alikaa, kafumba macho, ananusa polepole, kama mtu anayesikiliza sauti anayoijua. Maana karafuu maiti ni karafuu maiti, lakini marashi yale aliyachagua mwenyewe, udi ule alifukiza mwenyewe, na bafta ile aliichovya maji ya zamzam kwa mikono yake alipokwenda Makka. Harufu ile duniani ilikuwa moja. Akasimama, akaja mpaka nilipo.

"Shaabani."

"Naam, mama."

"Sogea."

Nikasogea. Akatia mkono katika lile tundu, akavuta. Kikatoka kipande cha kwanza. Akakikunjua mbele ya watu, akakipapasa, akakiweka begani. Kikatoka cha pili. Cha tatu. Kisha robota la pamba, limepasuka, na vumbi jeupe la karafuu maiti linamwagika juu ya zulia la watu. Akaangalia juu ya ngoma ndogo, akafungua kamba zangu, akatoa cha nne na cha tano. Vitano. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano, na hakuna mwanamke mle ndani asiyejua kuhesabu vitano. Hapo na mimi, marehemu akili yangu, ndio nikaelewa.

"Hii nini?" akaniuliza.

 "Bafta, mama."

"Bafta ya nini?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, badala ya kuanguka miguuni, nikajibu, "Ya ngoma, mama."

Jawabu hilo lilifika Bububu kabla mimi sijafika nyumbani.

Nikamtafuta Mbarouk kwa macho aseme neno. Mbarouk alikuwa hayupo, hata kivuli, waya zake kaziacha chini. Nikamtazama Sefu. Sefu akarudi nyuma hatua mbili akasema, "Mimi nilimwambia atafute sauti tu, sikumwambia afukue makaburi," na alisema karibu na maikrofoni, na maikrofoni ilikuwa wazi, kwa hivyo nikasutwa kwa spika mbili, mpaka barazani.

Na hapo hapo mtu mmoja akapiga makofi. Bwana Karlo. Alikuwa na machozi machoni (nadhani ni karafuu maiti), akasema, "Ngoma nzuri sana! Sana! Jumamosi nyote kuja Kiwengwa." Wanawake wote wakamgeukia. Sefu akamshika mkono, akamtoa nje.

Nilirudi nyumbani nimejitwika ngoma kubwa kichwani. Vichochoro vya mjini mnavijua, ukikutana na mtu lazima mmoja wenu aegemee ukuta. Siku ile watu waliegemea kuta kabla sijawafikia.

Bi Zuwena hakunisemesha siku nne. Chai yangu ilikuwepo, na kisahani juu yake, kama kawaida, na mimi nilikuwa siwezi kuimeza. Rukia alinambia, "Bora angekupiga." Siku ya tano nilikwenda kwa Mhindi muuza nguo, nikanunua bafta mpya, nzuri kuliko ile, na pamba, na kila kinachotakiwa, nikapiga magoti mlangoni kwake, nje, unyayo wangu haukuvuka kizingiti.

"Mama, nisamehe. Kosa langu. Sikujua, na sikuuliza."

Akaipapasa bafta mpya. Akasema, "Radhi nshakupa, Shaabani, ya nini kukaa na kitu moyoni na umri huu. Hii nimeipokea." Kisha akainuka, akaenda sandukuni, akarudi na ile ya zamani, keshaifua, keshaikunja. "Na hii ichukue. Ishacheza mziki mbele ya watu, mimi siwezi kwenda nayo kwa Mola wangu. Wewe mshazoeana nayo."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ungefanyaje? Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, sina nyumba, sina kitanda changu mwenyewe, sanda ninayo.

Na Kiwengwa? Nilikuwa bado nataka kwenda, msinitolee macho, nataka kweli. Nilikaa Ijumaa nzima kibandani nikitafuta kitambaa chengine cha kuleta sauti ile, nikanunua mpaka magunia. Jumamosi asubuhi Sefu akaja na gari, hakuteremka, akasema kwa dirishani, "Yakhe, wenzako wanaogopa kukaa na wewe gari moja. Wanasema una mkosi. Mimi siamini mambo hayo, lakini nifanyeje?" Kiti cha nyuma kakaa kijana mmoja mgeni, mwembamba, kutoka Dar, na vijiti vyake vipya. Dramu wakazipakia mbele ya macho yangu. Nikamuuliza yule kijana, kwa upole, sauti ile ya Bwana Karlo ataipataje.

Akaninyanyulia kipande cha sponji. Sponji! La godoro! Linauzwa Darajani, hatua thelathini kutoka kibanda changu, kwa miaka yote nimelipita asubuhi na jioni. Akalitia ndani ya ngoma kubwa, akakanyaga pedeli mara moja pale pale juu ya gari.

Dup.

Walipiga Kiwengwa misimu mitatu. Chumba cha Kikwajuni alipewa mtu, na mimi nikakaa chini ya ngazi miaka mingine sita. Vijiti nilivipasua nikawashia jiko, na dramu sijakalia tena mpaka leo, wala sitokalia, na harusini nikialikwa nnakaa karibu na mlango wa nje. Na nyinyi vijana chukueni hili kwangu bure: kitu ulicholetewa na shemegi, kabla hujakitia mkono, uliza cha nini, na ukijibiwa kuwa hajamwona mwenyewe akikitumia, kimbia.

Bi Zuwena amefariki miaka mingi sasa, Mungu amrehemu, akazikwa na ile bafta niliyomnunulia, na mimi ni mmoja wa waliolibeba jeneza lake. Mbarouk yuko Maskati, salamu haleti. Ile ya zamani ninayo, iko kwenye sanduku langu, na Rukia nshamuusia: siku yangu ikifika nivisheni hiyo hiyo, msitafute nyengine, ila karafuu maiti itabidi mununue, fungu langu niliwagaia watu wa Sokomuhogo.